Kutoka Mwazye hadi Kasanga: siku moja kati ya misheni, malungu na boma la Mjerumani

Anayetaka kuyaona magofu ya Ufipa kwa siku moja aanzie Mwazye, tena aamke alfajiri. Nilikwenda mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na njia za vumbi zimekauka, nao ndio wakati ninaoupendekeza kwa yeyote. Ila ajiandae kwa baridi. Uwanda wa Ufipa uko juu, sehemu nyingi zikikaribia mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa asubuhi haupati kizuizi: nyasi, mashamba, vilima vya mviringo, kisha nyasi tena. Watu niliopishana nao wakienda kuvuna ulezi walikuwa wamejitanda mashuka mpaka masikioni. Mchana wa siku hiyo hiyo nilikuwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita zipatazo elfu moja chini zaidi, koti nimelitia begani na ninatafuta kivuli.

Kwenye njia hiyo kuna kazi za wajenzi wa namna tatu. Kuna wamisionari waliochomesha matofali, kuna wanajeshi waliopangisha mawe, na kuna wahunzi wa Kifipa waliosimamisha malungu, yaani yale matanuri marefu ya kuyeyushia chuma. Yote hayo yametoka katika ardhi moja, na yote yaliinuliwa kwa mikono ya wenyeji. Lakini hayakumbukwi sawasawa. Kanisa lina waumini wake, boma lina vitabu vya vita, ilungu lina wazee wachache ambao kila mwaka wanapungua. Nimeandika makala hii kwa ajili ya hilo la tatu.

Mwazye ni kata ya Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa, upande wa kuelekea mpaka wa Zambia. Ukiitaja mbele ya mtu mzima wa Ufipa, neno linalofuata kinywani mwake ni misheni. Mapadre Weupe, ambao jina lao rasmi ni Wamisionari wa Afrika, walikuwa wamelifikia ziwa zamani kidogo. Mwaka 1885 walikabidhiwa ngome ya Karema, iliyoanzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier wa Ubelgiji kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold II. Kutoka ufukweni wakapanda polepole kuingia bara, kituo baada ya kituo: Kala na Kirando kandokando ya maji, Kate huku juu, Zimba kwenye bonde la Ziwa Rukwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakawa Mwazye.

Ukisimama uwanjani pa misheni kabla jua halijapanda, unaona namna walivyofikiri. Kila kitu kimepimwa. Njia imenyooka, miti imepandwa kwa safu, mikaratusi imekwenda juu sana kuliko mti wowote wa asili wa uwandani. Vituo vyao vilijengwa ili vijitegemee, maana mzigo wa kutoka pwani ulichukua miezi na ulibebwa kichwani. Kwa hiyo palihitajika tanuri la matofali, karakana ya useremala, bustani ya mboga, miti ya matunda na shamba. Bustani hizo zilikuwa shule pia. Kijana aliyefundishwa kupogoa mti au kupanga tofali kwa kamba alirudi kijijini na ujuzi huo, na leo nyumba za matofali ya kuchoma zimejaa Ufipa nzima. Tusisahau tu kwamba udongo ulikandwa na Wafipa, kuni zilikatwa na Wafipa, na maji yalitekwa na wanawake wa Kifipa.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliwaachia watu wake kanuni ambazo zimetufaa sisi wa leo kuliko alivyokusudia. Aliwataka wakae si chini ya watatu katika kila kituo, wajifunze lugha ya wenyeji, na waandike shajara ya kituo siku kwa siku. Mvua, ugonjwa, mgeni aliyepita, ugomvi na jumbe, yote yakaingia katika daftari. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza eneo hili tangu mwaka 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, alichapisha kitabu kizima juu ya watu wa kandokando ya Tanganyika mwaka 1913.

Ni maandishi hayo yaliyotuhifadhia mtu kama Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe Afrika Kaskazini, akapelekwa Malta kusomea tiba, kisha akaja Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Hakuondoka tena. Alioa huko, akatibu watu huko kwa zaidi ya miaka 60, akafia huko mwaka 1956. Mtumwa wa Afrika Magharibi aliyegeuka mganga wa ukanda wa ziwa! Tungemjuaje kama hakuna aliyeshika kalamu?

Basi kutoka hapo misheni nilipanda pikipiki kwenda kulitazama ilungu. Kijiji sikitaji jina, na sababu nitaieleza. Nilipelekwa na mzee ambaye nilimwamkia shikamoo nikamwita babu, naye akaniita mjukuu wake mpaka tulipoagana.

Ilungu lenyewe limesimama pembezoni mwa shamba la mahindi, hatua chache kutoka kwenye kichuguu kikubwa. Halikuwekwa hapo kwa bahati. Udongo wa kichuguu una mshikamano na unavumilia moto, kwa hiyo wajenzi walipeleka tanuri kulikokuwa na udongo, maji na miti ya kuchoma makaa, badala ya kuvibeba hivyo vyote kwenda kwingine. Umbo lake ni la mnara mnene chini, mwembamba juu. Malungu ya Ufipa hufika mita 3 na zaidi, na hili, ijapokuwa ukingo wake wa juu umemeguka, bado lilinipita kwa mbali. Chini limezungukwa na matundu, na upande mmoja una mlango wa kuweza kupenya mtu aliyeinama. Kila unapokanyaga panalia: ni mavi ya chuma, mabonge meusi yenye matundumatundu, mazito kuliko yanavyoonekana.

Nilimwuliza babu mivukuto ilikaa wapi. Akatikisa kichwa. Ilungu halivukutwi. Na hapo ndipo penye akili ya kazi hii. Wahunzi wengi wa Afrika walipuliza moto wao kwa mivukuto usiku na mchana mpaka mikono ikafa ganzi. Wafipa waliuacha urefu wa tanuri ufanye kazi hiyo. Moto ukishawaka ndani, hewa ya moto inapanda na kutokea juu, na inapopanda inavuta hewa baridi kuingia chini kupitia mirija ya udongo iliyotiwa kwenye yale matundu. Tanuri linapumua lenyewe. Kilichobaki ni kulijaza kwa utaratibu unaotakiwa, makaa na mawe yenye chuma, kulikesha, na kujua ni lini limeiva, kazi iliyochukua siku kadhaa.

Kilichotoka humo kilikuwa bonge lenye taka nyingi, halijafaa kwa jembe. Kwa hiyo kulikuwa na hatua ya pili: tanuri dogo, kintengwe, lisilofika kiunoni mwa mtu mzima, na hili ndilo lililopulizwa kwa mivukuto. Humo bonge lilisafishwa, kisha likaenda kwa mfua chuma kupigwa jembe, shoka, mkuki. Tanuri refu, tanuri dogo, fuawe: mafundi wa hatua tatu, kila hatua na maarifa yake. Vintengwe vimetoweka upesi zaidi kwa kuwa ni vifupi na jembe la ng'ombe huvisaga bila mkulima kujua.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko. Mkuu wa uyeyushaji alikuwa na kikapu chake cha dawa, na tanuri jipya lilipokelewa kama mwanamke anayetarajiwa kuzaa, kwa maana chuma kilikuwa mtoto wake. Wakati wa kuyeyusha wanaume walijitenga na wake zao. Msomaji wa leo anaweza kuyaona hayo kuwa ushirikina mtupu. Mimi nayaona pia kama nidhamu ya kiwanda: watu wale wale, mahali pale pale, bila kutawanyika, mpaka kazi iishe. Babu yeye alisema tu kwamba bila miiko hakuna chuma, nami sikubishana naye.

Jembe la Ufipa lilikuwa mali. Lilitolewa mahari, lililipwa kama ushuru kwa mtawala, lilibadilishwa kwa bidhaa za majirani. Pamoja na nguo za pamba zilizofumwa kwa mkono, hasa upande wa bonde la Rukwa, chuma ndicho kilichoziinua dola za Wafipa, kuanzia ile ya kale ya Milansi mpaka zile za nasaba ya Watwa waliotawala Nkansi na Lyangalile. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960, aliandika historia ya dola hizo katika kitabu chake cha mwaka 1981. Wafipa hawakuwa watu waliokaa pembeni wakisubiri kugunduliwa. Wangoni wa Zwangendaba walipopita hapa katika miaka ya 1840, na mfalme wao akafia huku Mapupo, walikuta nchi yenye wakulima, wafumaji na wahunzi.

Na nani aliyeandika habari za malungu mapema? Ni mapadre wale wale. Mwaka 1914 Padre Wyckaert alichapisha katika jarida la Anthropos maelezo ya wahunzi wa Ufipa, wa jadi na wale waliokwisha kubatizwa. Baadaye wakafuata maofisa wa kikoloni, kisha watafiti wetu, na hapa lazima nimtaje Profesa Bertram Mapunda, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyetembea Nkansi na ufukwe wa kusini mashariki mwa ziwa akichimba na kuyalinganisha matanuri ya vipindi mbalimbali. Kazi yake imeonyesha kuwa uyeyushaji wa huku haukuwa wa aina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kabla ya malungu marefu palikuwa na matanuri madogo ya namna nyingine. Teknolojia ilibadilika, watu walijaribu, wakaacha, wakaboresha. Hiyo ni historia ya sayansi, imo katika mashamba yetu ya mahindi, na watoto wa Mwazye wana haki ya kufundishwa hivyo.

Uyeyushaji ulikufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Majembe ya viwandani yaliingia kwa bei ndogo, kodi ikawapeleka vijana kutafuta fedha migodini na mashambani, na ukataji wa miti ya makaa ukaanza kuwekewa masharti. Malungu yakaachwa yalivyo. Yaliyobaki yanaliwa na mvua kutoka juu na ng'ombe kutoka pembeni, maana ng'ombe hupenda kujikuna kwenye ukuta mkavu. Mengine yanabomolewa kwa ajili ya udongo. Wapo pia wanaokuja kuchimba chini yake wakidhani Mjerumani alificha hazina. Ndiyo sababu sikutaja kijiji. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, lakini sheria haiwezi kumfukuza ng'ombe. Pale nilipofika hapakuwa na kibao, ua, wala hata mstari wa mawe.

Kutoka Mwazye tukashika njia ya Matai, makao makuu ya wilaya, tukaingia barabara kuu. Barabara ya Sumbawanga, Matai hadi Kasanga ina urefu wa kilomita 112, na lami yake imebadili maisha ya watu. Safari iliyokuwa ya kulala njiani masika sasa ni ya saa chache. Baada ya Matai ardhi inaanza kujikunja, miombo inarudi, joto linapanda. Kisha ziwa linatokea lote kwa mara moja, na kila abiria anageuza shingo, hata aliyelizoea.

Kasanga ndiyo Bismarckburg ya Wajerumani. Boma lao lilisimama mahali palipoinuka juu ya maji, na aliyepachagua alijua kazi yake: kusini anaona njia ya kwenda Zambia ya leo, magharibi anaona chombo chochote kinachovuka kutoka Kongo. Kilichobaki ni kuta za mawe zilizopoteza paa, milango isiyo na mbao, na mimea iliyojipatia nafasi kila penye ufa. Ni gofu zuri, sikatai. Mchanganyiko wa mawe yale na samawati ya ziwa unamfanya mtu atoe simu yake apige picha. Lakini tukumbuke jengo hili lilikuwa la nini. Humu kodi ilihesabiwa, humu mjeledi ulipigwa, kutokea humu wapagazi waliandikwa.

Habari yake ya vita imevutia waandishi wengi. Mwishoni mwa mwaka 1915 Waingereza walivuta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia Katanga, kwa reli na kwa kukokotwa milimani, mpaka Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Mwezi wa Juni boti zao zilikuja mpaka mbele ya boma hili huku kikosi cha Rhodesia ya Kaskazini kikilizingira kwa nchi kavu. Kamanda wa boti, Spicer-Simson, aliiona mizinga ukutani akarudi nyuma. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa njia ya maji. Husimuliwa kuwa Waingereza walipoingia walikuta mizinga yenyewe ni magogo. Vitabu vinalisimulia hilo kwa furaha nyingi. Mimi ninawafikiria zaidi wapagazi, wa pande zote mbili, ambao hawana kitabu. Vita hivyo viliishia karibu na hapa: tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, ng'ambo ya mpaka tu.

Chini ya boma maisha yanaendelea. Kuna bandari, kuna mitumbwi, kuna migebuka ya kukaanga na ugali, na ndicho chakula nilichokula kwa haja baada ya baridi ya asubuhi. Kwa miongo mingi Kasanga ilikuwa kituo cha mwisho cha meli ya MV Liemba upande wa Tanzania kabla ya Mpulungu, Zambia. Meli hiyo nayo ni ya vita vile vile. Ilijengwa Ujerumani ikiitwa Graf von Goetzen, ikazinduliwa Kigoma mwaka 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini kwa jina jipya mwaka 1927.

Maporomoko ya Kalambo yanataka siku yake. Maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, mpakani kabisa mwa Tanzania na Zambia, na kuyakimbilia jioni ukiwa umechoka ni kuyavunjia heshima. Lakini siwezi kuyapita kimya, kwa sababu yanahusu hoja yangu. Kuanzia mwaka 1953 mwanaakiolojia Desmond Clark alichimba juu ya maporomoko hayo, na mwaka 2023 kundi lililoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool lilitangaza katika jarida la Nature kwamba limepata hapo magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri wa angalau miaka 476,000. Ndiyo kazi ya ujenzi wa mbao kongwe kuliko zote zinazojulikana duniani, na ni ya kale kuliko binadamu wa aina yetu. Yalisalimika kwa sababu yalizama katika matope yenye maji. Malungu hayana matope ya kuyafunika. Yanatutegemea sisi.

Na kuyahifadhi kunawezekana. Kule kule Mbala kuna Makumbusho ya Moto Moto, yaliyoanzia kwenye vitu vilivyokusanywa na Padre Jean-Jacques Corbeil, Padre Mweupe aliyeona kuwa zana na vyombo vya watu wa kaskazini mwa Zambia vinapotea. Mtu mmoja alianza kuokota na kuandika, serikali ikaja baadaye. Hatuhitaji kungoja jengo la mamilioni.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Kalambo na zile za jirani ni dogo: kila serikali ya kijiji iorodheshe malungu yaliyosimama katika ardhi yake, iyapige picha, iyawekee ua wa miti na kumwomba mwenye shamba aache nafasi jembe lisifike. Walimu wawapeleke wanafunzi wakiwa na daftari, wakae na wazee na kuandika majina ya mafundi, ya miti ya makaa na ya hatua za kazi, kama mapadre walivyoandika shajara zao. Nawe msomaji ukienda, nenda kati ya Juni na Oktoba, piga hodi ofisi ya kijiji kwanza, mlipe anayekuongoza, usipande juu ya tanuri, na usiokote hata kipande kimoja cha mavi ya chuma.